Barua ya wazi kwa Bodi na Mkurugenzi: tufundisheni kazi mliyotuajiri kuifanya

Kwa:
Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi,
Mkurugenzi wa Programu,
Mratibu wa Mafunzo.

YAH: KUKOSA MAFUNZO NA USIMAMIZI KWA WASAIDIZI WA WATU WAZIMA WENYE USONJI

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkurugenzi, Ndugu Mratibu,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wasaidizi wa wanafunzi katika programu ya mafunzo ya kazi kwa watu wazima wenye usonji (autism). Ndio tunaoshinda nao karakana, jikoni, bustanini na kwenye darasa la hesabu za fedha, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Jambo hili tumekwisha kulileta kwenu kwa barua 3, tukalirudia kwenye vikao vya wafanyakazi, na kila mara tumejibiwa kwamba linashughulikiwa. Kwa kuwa hatujaona kinachoshughulikiwa, tumeamua kuliweka wazi. Hatutaji jina la kituo wala la mwanafunzi yeyote. Wanafunzi hawa ni watu wazima, na habari zao si zetu kuzitangaza.

Tunachokisema ni kimoja. Kumsaidia mtu mzima mwenye usonji ajifunze kazi, kisha ujiondoe taratibu mpaka aifanye bila wewe, ni fani kamili kama uchomeleaji au ushonaji. Ina vipimo vyake, ina makosa yake ya kila siku na ina namna ya kuyarekebisha. Fani hiyo hatujafundishwa, na hakuna anayekuja kutuangalia tukiifanya. Hasara anaipata mwanafunzi.

Hoja ya 1: Tunakabidhiwa mwanafunzi kabla ya kukabidhiwa ujuzi

Msaidizi mpya akiripoti Jumatatu anapewa aproni, funguo za kabati na mwanafunzi. Akiuliza afanyeje, anaambiwa atazoea. Na kweli huzoea: anazoea anachokiona kwa aliyemtangulia, makosa yakiwemo.

Tuchukue kazi moja ambayo Bodi imeiona kwa macho siku ya wageni, kufungasha karanga za kukaanga kwenye pakiti za gramu 100. Kwa mgeni ni kuchota na kumimina tu. Ukiivunja vizuri ina hatua 12: kunawa mikono, kuvaa kofia na glavu, kuwasha mizani, kuweka bakuli juu yake, kubonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, kuchota karanga, kumimina kwenye bakuli, kusoma namba, kuongeza au kupunguza kwa kijiko mpaka isomeke kati ya 100 na 103, kuhamishia kwenye mfuko kwa faneli, kuziba mfuko kwa mashine ya moto, kupanga pakiti kwenye katoni.

Inayosumbua ni hatua ya 5. Asipobonyeza, mizani inapima karanga pamoja na bakuli, na pakiti inatoka pungufu. Msaidizi asiyefundishwa huona mkono wa mwanafunzi umesita, naye husema "bonyeza". Mwanafunzi anabonyeza. Pakiti ya pili, "bonyeza". Ya tatu, "bonyeza". Baada ya wiki 3 mwanafunzi akifika hatua ya 5 anashusha mikono na kusubiri. Hajasahau kitu. Amejifunza, tena kwa usahihi, kwamba hatua ya 5 huanza na sauti ya msaidizi. Sisi ndio tuliomfundisha hivyo, halafu kwenye ripoti ya muhula tunaandika kwamba "bado anahitaji msaada wa karibu".

Anayeijua fani angesimama nyuma ya bega, ili mwanafunzi aiangalie mizani badala ya kumwangalia yeye usoni. Mkono ukisita, angehesabu kimoyomoyo hadi 10 bila kutamka neno, kwa sababu wengi wa wanafunzi wetu huhitaji muda wa kuliyeyusha neno walilosikia, na agizo la pili likiingia kabla la kwanza halijatulia, linawarudisha mwanzo. Sekunde 10 zikipita, angeonyesha kitufe kwa kidole, kimya kimya. Ikishindikana, angebandika stika ndogo nyekundu juu ya kitufe. Stika ina faida ambayo sauti haina: inabaki pale pale, na inapunguzika. Wiki hii nzima, wiki ijayo nusu, inayofuata robo, kisha inatoka. Sauti huwezi kuikata nusu.

Na mambo hayaishii kwenye stika. Mashine ya kuziba mifuko ina moto, kwa hiyo hatua ya 11 haifundishwi kwa kumwacha mwanafunzi ajaribu kwanza. Pale unaanza na msaada kamili, mkono chini ya mkono wake akiwa ameridhia, kisha unarudi nyuma siku hadi siku: kiwiko, bega, kidole, hatua moja pembeni. Kwa hatua alizokwisha kuzijua ni kinyume chake, unaanza bila msaada wowote na kuongeza kidogo kidogo pale tu anapokwama. Kujua lini utumie njia ipi ndiko tunakokuita ujuzi. Msaidizi mwenye njia moja tu humwunguza mmoja na kumdumaza mwingine.

Halafu kuna kuandika. Karatasi moja, mistari 12, safu moja kwa kila siku. Alama 4 zinatosha: P kwa peke yake, I kwa ishara, M kwa mwonyesho, K kwa mkono. Mwanafunzi aliyepata P kwenye hatua 9 kati ya 12 amefika asilimia 75, na unajua bila kubahatisha hatua 3 zipi zifanyiwe kazi kesho. Hivi sasa tunaandika "anaendelea vizuri". Tumekuwa tukiandika "anaendelea vizuri" kwa watu walewale, kwenye hatua ileile, muhula baada ya muhula.

Hoja ya 2: Semina ya siku moja haibadilishi mikono

Kila mwaka, karibu na tarehe 2 Aprili, Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Usonji, tunaitwa ukumbini. Tunapewa fulana na chakula cha mchana, na tunaonyeshwa slaidi. Tunakumbushwa kwamba daktari Leo Kanner aliandika kuhusu usonji mwaka 1943, na kwamba TEACCH, programu ya kuwafundisha watu wenye usonji, ilianzia North Carolina, Marekani, chini ya Eric Schopler. Ni habari za kweli, na aliyeziandaa alijitahidi. Lakini kesho yake karakana iko vilevile.

Mfano ni slaidi hiyohiyo ya TEACCH. Inasema kila anayeketi mezani kufanya kazi aweze kupata majibu ya maswali 4 bila kumuuliza mtu: nifanye kazi gani, kiasi gani, nitajuaje nimemaliza, na nini kinafuata. Tembeleeni meza zetu leo. Karanga ziko kwenye gunia, mifuko imerundikwa kwenye boksi kubwa, na hakuna kinachoonyesha mwisho. Mtu akiona gunia la kilo 50 na boksi lisilohesabika, ana haki ya kuinuka na kuondoka. Dawa yake haihitaji hata bajeti. Asubuhi toa mifuko 20 tu, uipange kushoto kwenye trei. Katoni tupu kulia. Trei ikiisha, kazi imeisha. Mbele yake bandika picha ya kinachofuata, kwa mfano kikombe cha chai. Tumeisikia slaidi hii mara nyingi, na hakuna aliyekuja mezani kutuuliza trei iko wapi.

Mafunzo yanayofika mikononi huenda hivi: mnaelezwa kitu kimoja kwa dakika 15, mnaonyeshwa kikifanyika kwa mwanafunzi halisi aliyeridhia, mnajaribu nyinyi, mkufunzi anakaa pembeni na karatasi akiwaangalia kwa dakika 20, kisha anakwambia jambo moja la kurekebisha. Wiki inayofuata anarudi kuangalia jambo lilelile. Moja tu, kwa sababu ukirudi na makosa 9 utarekebisha sifuri. Hivyo ndivyo fundi cherehani anavyomfundisha mwanagenzi wake kutia zipu, na hatuoni kwa nini anayefundisha mtu mzima mwenye usonji apewe chini ya hapo.

Hoja ya 3: Kuzidiwa kunaandikwa kama ukorofi

Hili linatuuma kuliko mengine, nasi tunaomba lisomwe polepole.

Mwanafunzi akilemewa na kelele au jambo jingine mpaka ashindwe kujitawala, huko ndiko kuzidiwa. Lakini daftari la matukio limejaa maneno haya: "alikuwa mkorofi", "alikataa kazi", "alipiga meza, akapewa onyo". Daftari la aina hii halimsaidii mtu. Rekodi ya maana ina safu 3: kilichotangulia, kilichotokea, kilichofuata, pamoja na saa. Tulipojaribu wenyewe kupitia matukio ya mwanafunzi mmoja na kuyajazia saa kwa kumbukumbu zetu, mengi yalikusanyika baada ya saa 4 na nusu asubuhi. Huo ndio muda karakana ya jirani huanza kukata nondo kwa grinda. Siku nyingine ilikuwa umeme umekatika na jenereta imewashwa nyuma ya ukuta wake. Kwetu ni kelele ya kuudhi. Kwake ni maumivu, na alikuwa ameketi hatua chache tu kutoka chanzo chake. Vizuia kelele vya masikioni na meza kuhamishiwa upande wa pili wa chumba vingekuwa jibu. Badala yake alipewa onyo la maandishi.

Dalili hutangulia, ila lazima ufundishwe kuziona, tena kwa kila mtu zake. Mmoja huanza kutembea haraka akigusa ukuta. Mwingine anarudia sentensi moja. Mwingine ananyamaza kabisa, na huyo ndiye tunayemkosa kwa sababu tunadhani ametulia. Katika hatua hiyo bado kuna nafasi: mpe njia ya kutoka, mwonyeshe kadi ya mapumziko, zima kinachopiga kelele. Akishazidiwa, anayeongea awe mmoja, kwa maneno machache, sauti ya chini. Ondoa watu chumbani, usimwondoe yeye. Usimshike. Usisimame mlangoni. Usimdai maelezo wala msamaha, maana wakati huo hana uwezo wa kuvitoa. Baadaye atachoka, pengine kwa siku nzima iliyobaki, na kumrudisha kwenye karanga baada ya dakika 10 ni kuwasha upya kilichozimika.

Sisi hatujafundishwa hayo, kwa hiyo tunafanya kinachomjia yeyote mwenye hofu: tunapaza sauti, tunaitana, tunamzunguka watu 4, tunamshika mikono. Kumlaza mtu chini na kumkandamiza kunaweza kumziba pumzi. Hatutaki siku moja kuwaandikieni barua ya aina nyingine.

Hapohapo tunaomba muongeze kifafa. Huwapata watu wenye usonji zaidi kuliko watu wengine, na kwetu wapo. Akianguka, tazama saa, mgeuze ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, ondoa meza na vyombo vya moto karibu yake, usimshikilie, usimtie kijiko wala chochote mdomoni. Degedege likizidi dakika 5, au likirudia kabla hajarejewa na fahamu, ni hospitali mara moja. Bado wapo miongoni mwetu wanaoogopa mate yake wakidhani ugonjwa utawarukia. Kifafa hakiambukizi. Kosa la kutolijua hilo si la msaidizi aliyeajiriwa bila kuambiwa.

Hoja ya 4: Lugha tunayotumia

Programu nzima, kuanzia ofisini, inawaita wanafunzi "watoto". Mwanafunzi wetu mkubwa amepita miaka 40. Msaidizi wa miaka 23 anapaswa kumwamkia shikamoo kama anavyomwamkia mtu mwingine yeyote wa rika hilo, na badala yake anamshika shavu na kumwambia "mtoto mzuri". Mzazi akija, tunamuuliza mzazi kama mwanafunzi anapenda kazi ya bustani, na mwenyewe ameketi hapo. Hiki nacho ni kipengele cha ujuzi, na kinarekebishika kwa agizo moja kutoka kwenu: kaka, dada, mzee, mama, au jina lake.

Upande mwingine wa lugha ni mgumu zaidi, kwa sababu Kiswahili chetu cha kila siku kimejaa maneno yasiyomaanisha yanachosema. Msaidizi anaondoka karakana akisema "nakuja". Kwa mtu anayelichukua neno kama lilivyo, anayekuja hasogei mlangoni. "Subiri kidogo" haina urefu. "Baadaye" haina saa. Mwanafunzi anauliza mara 14 chai ni lini, tunasema anasumbua, kumbe hajajibiwa hata mara moja. Sema "natoka, narudi mshale mrefu wa saa ukifika 6", au weka kipima muda cha mchanga mezani, na maswali yanaisha.

Saa zenyewe zinahitaji uamuzi wa ofisi. Ratiba ya ukutani inasema chakula ni saa 7. Simu ya mwanafunzi inasema 13:00. Msaidizi mmoja anasoma kwa Kiswahili, mkufunzi wa kompyuta anasoma kama ilivyo kwenye skrini. Mtu anayetegemea ratiba ili siku yake isimame wima anapewa siku 2 zinazopingana. Chagueni njia moja kwa jengo zima, au ratiba iandikwe zote mbili kwa pamoja, kila mstari.

Na wasiotumia sauti kuzungumza, kadi zao za picha hufungiwa kabatini baada ya kipindi cha mawasiliano "zisipotee". Kumnyang'anya mtu kadi zake ni kumfunga mdomo. Zining'inie shingoni au kiunoni siku nzima, jikoni, chooni na kwenye gari. Seti ya pili iwepo ya akiba, kwa sababu kadi zitalowa na zitapotea.

Hoja ya 5: Anachokijua hapa hakihami chenyewe

Mwanafunzi aliyemudu hatua zote 12 anapelekwa kwa mwajiri. Sheria ya Tanzania ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu, na waajiri wachache waungwana wametufungulia mlango. Mwanafunzi anafika, anakuta mizani nyingine. Kitufe kiko kushoto badala ya kulia, hakina stika, na namba zinaonyeshwa kwa kilo: 0.100. Anasimama. Mwajiri anahitimisha kwamba hajui kazi. Anarudi nyumbani, na mlango ule unafungwa hata kwa anayemfuata.

Msaidizi aliyefundishwa angekwenda huko siku 2 kabla na kuifanya kazi ile yeye mwenyewe, akipiga picha vifaa, choo, mahali pa kulia na uso wa msimamizi. Angeileta kituoni mizani ya aina ile hata kwa kuazima. Angemtafuta mfanyakazi mmoja wa pale aliye tayari kuwa mwenyeji, amfundishe yeye namna ya kusubiri sekunde 10, kwa sababu ndiye atakayebaki. Kisha wiki ya kwanza angekuwepo siku nzima, ya pili nusu siku, ya tatu angepita asubuhi na jioni.

Safari nayo hivyohivyo. Tumewafundisha kupanda daladala kwa kutambua rangi ya mstari na jina la ruti lililoandikwa mbele. Hatukuwafundisha afanyeje gari likijaa na kupita bila kusimama, konda akiwateremsha kabla ya kituo, au chenji ikipungua. Safari hukwama pale inapoharibika, kwa hiyo kinachopaswa kufanyiwa mazoezi ni uharibifu wenyewe: mara 1 gari lisisimame kwa makusudi, mara 1 apungukiwe nauli akiwa na msaidizi nyuma yake viti 3.

Hoja ya 6: Makabidhiano

Hayapo. Wa asubuhi anatoka wa mchana akiingia, wanapishana getini. Kama mwanafunzi hakulala usiku au dawa yake imebadilishwa, wa mchana atajua atakapoumizwa.

Hoja ya 7: Mikataba ya miezi 3

Mwanafunzi mwenye usonji humzoea mtu kwa muda mrefu. Sisi tunaondoka kabla hajamaliza kutuzoea, tukiondoka na yote tuliyojifunza kwa kubahatisha, kwa sababu hayakuandikwa popote. Tukienda kuomba kazi kwingine hatuna hata karatasi moja inayosema tunaweza nini.

Majibu tunayoyatarajia

Mtasema hakuna fedha. Tunaielewa hali ya kituo. Lakini mengi kati ya tunayoomba hapa chini yanahitaji muda tu. Saa 2 kwa wiki za kuangaliwa kazini kwa kila msaidizi, wasaidizi tukiwa 12, ni saa 24 kwa wiki, karibu siku 3 na nusu za mkufunzi mmoja. Kwa robo ya muda huo mngeweza kuanza na wasaidizi 3 na kuzungusha. Fedha za ukumbi, fulana na chakula cha siku moja zielekezwe huko.

Mtasema wataalamu hawapatikani. Wapo wachache, na hatudhani wamewahi kuulizwa. Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, kinafundisha walimu wa elimu maalumu. Hospitali ya KCMC, Moshi, inafundisha wataalamu wa tiba kwa vitendo, ambao kuvunja kazi katika hatua na kupanga meza ndiyo kazi yao. Mmoja akija wiki 1 kila muhula, akawafundisha wawili kati yetu kuwa waangalizi wa wenzao, inatosha kuanzia.

Mtasema tukishafundishwa tutaondoka. Tunaondoka sasa bila kufundishwa. Tofauti ni kwamba anayeondoka sasa haachi kitu nyuma.

Mtasema hii ni kazi ya moyo. Tunao, vinginevyo tusingekuwa hapa kwa posho hii. Anayemwambia mwanafunzi "bonyeza" mara 200 anafanya hivyo kwa huruma.

Mtasema wazazi hawajalalamika. Wazazi hawana pengine pa kumpeleka mtu wao baada ya miaka 18, na wanajua akitolewa hapa atakaa ndani. Kimya chao msikihesabu kama kuridhika. Wanafunzi wenyewe wanalalamika kila siku, ila malalamiko yao yameandikwa kwenye daftari la matukio chini ya kichwa "utovu wa nidhamu".

Na ikiwa mtaona haya ni matakwa ya ziada, Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unazungumzia mafunzo ya wataalamu na watumishi wa elimu katika Ibara ya 24, na ibara hiyohiyo inataja mafunzo ya ufundi na elimu ya watu wazima.

Tunachoomba

1. Kila msaidizi mpya akae siku 10 za kazi akiwa na msaidizi mzoefu, bila kuachwa peke yake na mwanafunzi, na kabla ya kuachwa aangaliwe akifundisha kazi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

2. Kila msaidizi aangaliwe kazini kwa ratiba inayojulikana, na apewe maoni siku hiyohiyo. Maoni hayo yasitumike kwenye kesi za nidhamu, maana mtu akiogopa atajificha na makosa yake.

3. Kila mwanafunzi awe na ukurasa mmoja alioshiriki kuuandika: anawasilianaje, nini kinamuumiza, dalili zake za kuzidiwa, nini kinamsaidia, dawa na kifafa kama kipo. Ukae mahali ambapo msaidizi wake anaupata na mgeni haupati.

4. Daftari la matukio libadilishwe liwe na safu 3 na saa, na lipitiwe kila Ijumaa. Maonyo yote ya maandishi yaliyotolewa kwa matukio ya kuzidiwa yafutwe kwenye majalada ya wanafunzi.

5. Itolewe amri ya maandishi kwamba hakuna mwanafunzi anayeshikwa kwa nguvu isipokuwa kumwokoa na hatari iliyopo wakati huo, kama gari au moto, na kila tukio la namna hiyo lifike kwa Mkurugenzi siku hiyohiyo.

6. Dakika 20 za makabidhiano, zenye malipo, kila zamu.

7. Mikataba isiyopungua mwaka 1, na barua ya kituo inayoorodhesha kwa vipengele ujuzi ambao msaidizi ameonyesha. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mafundi wameupata nje ya mfumo rasmi. Tunaomba Mkurugenzi akaulize kama fani yetu inaweza kupata njia ya namna hiyo.

8. Msaidizi 1 aandaliwe kuwa wa kwenda kazini na wanafunzi, na asipangiwe zamu ya karakana siku hizo.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, likisema lipi limekubaliwa, lini litaanza na nani atalisimamia. Lisilokubaliwa tuelezwe sababu. Tuko tayari kukaa nanyi siku yoyote baada ya saa 9, na tunaomba kikao kifanyike karakana ili tuyaone haya pamoja mezani.

Barua hii tumewasomea wanafunzi kwa lugha nyepesi na picha, tukawauliza kama tumewasema sawasawa na kama lipo la kuongeza. Wameongeza moja, tunaliandika kama walivyolitoa:

9. Ile taa ndefu ya juu ya sinki la jikoni inapepesa. Ibadilishwe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wasaidizi wa wanafunzi: karakana, jiko, bustani na darasa.

Nakala: Wawakilishi wa wanafunzi, Kamati ya wazazi na walezi.